Kumetameta na Kutikisika: Neno Moja la Kiingereza na Deni la Mtahini

Nianze kwa kukiri jambo ambalo mwalimu wa fasihi hapendi kulikiri mbele ya wanafunzi wake, seuze mbele ya wasomaji wa jarida la idara yake. Kwa muda wa miaka kumi hivi nililitumia neno moja la Kiingereza bila ya kuijua maana yake. Nililisoma, nikalipenda, nikalitia katika mihadhara na katika ripoti za tasnifu, na hatimaye nikalitungia swali la mtihani. Neno lenyewe ni coruscating, litokanalo na kitenzi coruscate. Ni neno la kuandikwa zaidi kuliko la kusemwa. Hata huko Uingereza mtu aweza kuishi umri wake wote asilisikie sokoni wala jikoni.

Nililikuta kwa mara ya kwanza katika kurasa za mapitio ya vitabu za magazeti ya Uingereza, wakati nilipokuwa nikiandika tasnifu ya uzamifu. Riwaya fulani ilisemekana kuwa ni shambulizi la namna hiyo dhidi ya serikali; hotuba ya mbunge fulani ilisifiwa kwa neno lilo hilo baada ya kuwaadhiri mawaziri. Kutokana na muktadha nikakisia kwamba maana yake ni kali, ya kuchoma, isiyosaza mtu. Kisio hilo lilikubaliana na kila sentensi niliyoisoma baadaye, kwa hiyo sikuona haja ya kufungua kamusi. Ujuzi wa lugha ya kigeni una hila yake: neno la kawaida tusilolijua hutufedhehesha, nasi hulitafuta, neno la fahari tusilolijua hutupamba, nasi huliacha lilivyo.

Mwaka wa 2015 nilifundisha kozi ya nadharia na mbinu za tafsiri katika shahada ya uzamili. Kwa swali la kwanza la mtihani nilitunga mwenyewe kifungu cha Kiingereza cha maneno mia mbili hivi, kuhusu mwandishi wa tamthilia ambaye hayupo, na humo nikaandika kwamba tashtiti yake juu ya watawala ni coruscating. Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa bayana: kali, yenye kuchoma, yenye kuumbua, au neno lolote la ukoo huo. Kamusi ziliruhusiwa chumbani. Watahiniwa wengi, ambao walikuwa wamelisikia neno hilo kinywani mwangu muhula mzima, walijibu kama nilivyotarajia.

Mmoja hakujibu hivyo. Aliandika "tashtiti inayomemetuka". Isitoshe, aliichukua taswira ile ya mwanga akaendelea nayo katika sentensi mbili zilizofuata, hivi kwamba watawala katika tafsiri yake walikuwa wakipepesa macho, si wakiungua. Nililizungushia neno duara jekundu na kuandika pambizoni: "Sivyo. Zingatia muktadha." Nikamnyima alama tatu: moja kwa neno na mbili kwa sentensi zile zilizolifuata. Alama zote zilipojumlishwa alipata 48. Alama ya kufaulu ni 50.

Mtahini wa nje aliyapitia maandishi yale asiseme lolote. Bodi ya watahini ikaketi, Seneti ikaidhinisha, na mwanafunzi yule akaufanya mtihani wa marudio mwaka uliofuata, akaulipia ada kwa pesa zake, akafaulu vizuri. Alihitimu akiwa amechelewa mwaka mzima. Nami nililisahau jambo hilo kabisa, kama watahini wasahauvyo.

Lililonizindua lilikuwa swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ilikuwa mwaka wa 2021, nami nilikuwa nikieleza jinsi istilahi za uhakiki wa Kiingereza zinavyotushinda kuzitafsiri, nikaandika neno langu ubaoni kwa fahari ileile ya siku zote. Kijana mmoja akauliza iwapo linahusiana na Coruscant. Sikujua anazungumzia nini. Akanieleza, kwa subira ambayo wanafunzi huwa nayo wanapomfundisha mwalimu, kwamba Coruscant ni sayari katika hadithi za Star Wars, sayari iliyofunikwa yote na mji mmoja. Na kwamba ukiitazama kutoka angani wakati wa usiku, taa zake zinametameta. Baadaye nilipata kujua kwamba jina hilo lilibuniwa na Timothy Zahn katika riwaya yake Heir to the Empire ya 1991, na kwamba filamu ya 1999, The Phantom Menace, ndiyo iliyolitangaza zaidi jina hilo ulimwenguni. Darasani, hata hivyo, nilijibu tu kwamba sidhani kama kuna uhusiano. Kisha nikaenda ofisini na, kwa mara ya kwanza, nikafungua kamusi.

Coruscate: kumetameta, kutoa mwanga wa kukatikakatika. Hakuna ukali. Hakuna kuchoma. Nilifungua kamusi ya pili, kisha ya tatu, kwa matumaini ambayo sasa nayaonea haya.

Kwa kuwa nilikuwa nimepotea kwa sababu ya kutotafuta, niliamua kutafuta hadi mwisho wa njia. Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kilatini, coruscare. Nomino yake, coruscation, ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa imekwisha kuingia katika Kiingereza katika karne ya 15, na ilitumiwa kwa umeme na kwa mimweko ya angani. Tafsiri ya Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata ilikuwa imewazoesha wasomi wa Ulaya matumizi hayo, kwani humo umeme wa Mungu katika Zaburi huitwa coruscatio. Mojawapo ya mahali hapo ni Zaburi ya 144 kwa hesabu ya Biblia zetu. Kitenzi kilifuata nyuma sana, mwanzoni mwa karne ya 18, na baada ya hapo kikaanza kutumiwa kwa akili na mazungumzo: mtu mwepesi wa maneno, ambaye kila asemapo hutoka cheche, ndiye aliyesifiwa kwacho.

Lakini nyuma ya umeme kuna kitu kingine, nacho ndicho kilichonikalisha ofisini hadi usiku. Katika Kilatini cha kale coruscare si mwanga peke yake. Ni kutikisika. Tena ni kutikisika kwa aina mahususi: mtikisiko wa haraka, wa kurudiarudia, kama ule wa mkuki mkononi mwa mtu anayejiandaa kuurusha. Katika kitabu cha mwisho cha Aeneid, Virgil anamwonyesha Aeneas akimkabili adui yake Turnus huku akilitikisa fumo lake, na kitenzi ni hichohicho. Chuma kikitikisika juani hutoa mwanga. Kikitulia, hutulia nao. Katika kitabu cha kwanza cha utenzi huohuo, merikebu za Aeneas zimekimbia tufani na kuingia katika bandari iliyofichika kwenye pwani ya Libya, huku kwetu Afrika kwa upande wa kaskazini, na juu ya bandari hiyo imesimama misitu ambayo mshairi anaisifu kwa kivumishi coruscus. Hapo watafsiri wa Kiingereza wamegawanyika. Wengine misitu yao inatetemeka, wengine inameremeta. Aliyewahi kukaa chini ya mnazi wakati wa kaskazi akatazama makuti yakigeukageuka juani hatauona ugomvi wao kuwa na maana: kila ukuti utetemekapo humeta, na humeta kwa sababu unatetemeka.

Mfano ulionipendeza kuliko yote ni wa Lucretius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo. Katika kitabu cha pili cha De Rerum Natura anataka kutushawishi kwamba chembe zinazounda vitu vyote zi mwendoni daima, ijapokuwa vitu vyenyewe vyaonekana kutulia. Anatuchukua hadi mbele ya kilima. Kondoo wanajikokota huku na huko wakifuata majani yenye umande, na wanakondoo walioshiba wanaruka na kupigana vichwa kwa mchezo. Kitenzi anachokitumia kwa mchezo huo wa vichwa ni coruscant. Nuru haitajwi katika kitenzi hicho. Kuna vichwa vya wanakondoo tu. Halafu anasema kwamba mtu anayelitazama kundi lile kwa mbali haoni mchezo wowote, bali weupe uliotulia juu ya kilima cha kijani.

Niliusoma ukurasa ule mara nyingi usiku ule. Mimi ndiye niliyekuwa mbali. Nililiona neno kwa mbali, likiwa limetulia juu ya kurasa za magazeti, nikalipa rangi moja.

Hata hivyo, haki inanidai niseme kwamba sikupotea peke yangu. Waandishi wale wa magazeti ya Uingereza walikuwa wamepotea kabla yangu, na yamkini ndio walionipoteza. Kiingereza kina kitenzi kingine, excoriate, chenye maana ya kumkaripia mtu au kukishutumu kitu bila huruma. Asili yake ni Kilatini corium, yaani ngozi. Maana yake ya kwanza ni kuchuna. Maneno haya mawili hayana undugu wowote, ila yana sauti zinazofanana: ko-ru, ko-ri. Mwandishi wa haraka anatafuta neno la kuchuna, anaokota la kumetameta, na kwa kuwa msomaji wake naye hana hakika, hakuna anayelalamika. Kosa limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya kamusi za miaka ya karibuni zimeanza kuiorodhesha maana ya ukali kando ya maana ya mwanga. Basi mwanakondoo anayecheza kilimani na kondoo aliyechunwa machinjioni wamekuwa mnyama mmoja.

Wapo watakaoniambia kwamba lugha ndivyo zilivyo, na kwamba maana ni matumizi. Nimeifundisha kauli hiyo mwenyewe, na siikani. Neno likikosewa na watu wengi kwa muda mrefu, kosa hugeuka kuwa maana, na mwanaisimu huandika anachokisikia. Lakini kauli hiyo hainiokoi katika jambo hili. Laiti ningelisahihisha kwa msingi huo, ningezikubali tafsiri zote mbili. Mimi nilikubali moja, nayo ilikuwa ile changa zaidi, iliyozaliwa kwa bahati mbaya, nikaipiga mstari ile ya kale iliyokuwa ndani ya kamusi ambayo mwanafunzi aliifungua nami sikuifungua.

Kuna jambo jingine, zito zaidi kwa mtu wa fani yetu. Mwezi mmoja kabla ya mtihani ule nilikuwa nimewafundisha wanafunzi walewale makala ya Wimsatt na Beardsley ya 1946, ile inayodai kwamba nia ya mwandishi haipatikani wala haifai kuwa kipimo cha kuhukumia kazi ya fasihi. Nilikuwa nimesisitiza, kwa bidii ya mhubiri, kwamba matini ikishaandikwa si mali ya mwandishi tena. Msomaji anawajibika kwa maneno yaliyopo, si kwa yale ambayo mwandishi alitaka kuyasema. Kisha nikatunga matini, nikaandika neno moja huku nikikusudia jingine, na nikamwangusha msomaji pekee aliyeyatafsiri maneno yaliyopo. Wengine walifaulu kwa kuitafsiri nia yangu, ambayo waliijua kwa sababu nilikuwa nimewaambukiza kosa lenyewe.

Nirudi kwenye neno. Kiingereza si maskini wa maneno ya mwanga, na mengi yana historia za kuchekesha. Shakespeare na Fletcher, katika tamthilia yao juu ya Mfalme Henry wa Nane, wanawaeleza Wafaransa waliovaa dhahabu katika mkutano wa wafalme wa mwaka wa 1520 kwa kivumishi clinquant, ambacho kilitoka katika mlio wa madini yanayogongana. Yaani hapo mwanga umezaliwa na sauti. Neno jingine, scintillate, limetoka katika Kilatini scintilla, ambalo ni cheche. Cheche hiyo ilipopita katika Kifaransa cha kale ilibadili umbo, na kutoka humo Kiingereza kikapata tinsel, nyuzi zile za kung'aa za kupambia sikukuu. Kikapata pia stencil, kutokana na desturi ya kupamba kitu kwa madoa ya rangi kama cheche. Kwa hiyo stensili ni mtoto wa cheche. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1990 tunaikumbuka stensili kwa mtihani wa mwisho wa muhula: karatasi yenye harufu ya wino, herufi "o" zilizojaa weusi, na mwalimu aliyetokea ofisini mikono ikiwa imechafuka hadi viwikoni. Hakuna kitu chini ya jua kilichokuwa na mng'aro haba kuliko karatasi zile.

Na Kiswahili je? Hapa ndipo duara langu jekundu linaponiuma zaidi, kwa sababu mwanafunzi yule hakuchagua neno ovyo. Mwanga katika Kiswahili hauna kitenzi kimoja. Jua huwaka. Sakafu iliyopigwa deki hung'aa, na uso wa bibi harusi hunawiri. Huo ni mwanga uliotua juu ya kitu ukakaa. Kumulika ni kitendo cha mwenye taa mkononi, ambaye anaamua nini kionekane. Si ajabu kwamba wahakiki tumekipenda kitenzi hicho hadi jarida moja la Dar es Salaam likaitwa Mulika. Kisha kuna ukoo mwingine mzima: meta, metameta, memeta, memeteka, memetuka, meremeta, merimeta. Wanakamusi wa zamani walikuwa na mazoea ya kuyakusanya mahali pamoja na kuyapa maana moja. Naamini waliyaonea. Kinachoyaunganisha ni kwamba mwanga wake haukai. Silabi zenyewe zinarudiarudia, midomo inafunga na kufunguka, m na tena m, na mwanga unakuja na kuondoka kwa kipimo hichohicho. Mdudu wa usiku anayewaka na kuzima tunamwita kimetameta au kimerimeti, hatukumwita king'aa.

Hata washairi wetu wa kale waliziweka mbali aina hizi mbili za mwanga. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoyakumbuka majumba ya matajiri wa Pate, anayajaza mwanga wa mataa usioyumba, hadi usiku wao unakuwa kama mchana. Mwanga unaotikisika aliutumia kwingineko, katika kuifananisha dunia na mazigazi, yale maji ya uongo ambayo jua kali humwonyesha mwenye kiu. Msomaji aliyeyaona mazigazi hana haja ya kuambiwa kwamba yanatetemeka. Ukiifikiria tofauti hiyo, utaona kwamba msamiati wa Kiswahili ulikuwa tayari kulipokea neno la Virgil na la Lucretius kuliko Kiingereza chenyewe kilivyolihifadhi. Kiingereza kiliutunza mwanga kikaupoteza mtikisiko, kisha magazeti yakaupoteza mwanga nao.

Nilimtafuta. Haikuwa vigumu, kwani alikuwa anafundisha katika shule ya sekondari, na mwenzake mmoja alikuwa mwanafunzi wetu. Nilimpigia simu jioni. Alinisalimia "Shikamoo, mwalimu," nikaitika marahaba kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu anayestahili kushikwa mguu. Nikamweleza yote, tangu kamusi hadi wanakondoo.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua."

Nikamuuliza kwa nini hakukata rufaa.

"Ningekata kwa nani? Kukagua upya ni ada, na aliyeweza kukagua ni wewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya mashua. Nikamuuliza tena, maana nilitaka kujua, jinsi alivyolifikia neno lile ilhali wenzake wote walikwenda upande mwingine. Akanieleza kwamba alikuwa hajawahi kulielewa nilipolitumia darasani, kwa hiyo alipoliona katika mtihani alifungua kamusi. Na kamusi ilipomwambia kwamba ni mwanga unaokatikakatika, alikumbuka maji. Alizaliwa katika kimojawapo cha visiwa vya Lamu, na babake alikuwa mvuvi. Usiku usio na mwezi, alisema, kuna nyakati bahari hutulia ikawa nyeusi kabisa, huoni kitu. Ukitia kafi, maji yanawaka pale palipoguswa. Ukiliinua, matone yanaanguka yakiwaka. Ukiacha, giza linarudi. Wataalamu wa viumbe wa baharini wameeleza kwamba mwanga huo hutolewa na vijidudu vidogo mno vielevyo majini, navyo huutoa vinapobughudhiwa. Yeye alikuwa ameujua tangu utotoni kwa jambo moja tu, kwamba hauonekani mpaka utikise.

"Nikafikiri," akasema, "kwamba huyo mwandishi wako wa tamthilia hakuwa mtu wa kuchoma. Alikuwa kama maji yale. Watawala wakimgusa, anawaka. Wasingemgusa, angekaa kimya. Ndiyo nikaandika wanapepesa macho."

Nilikuwa nimemtunga mwandishi yule kwa dakika ishirini, akiwa mkali na basi, kama waandishi wote wa kwenye mitihani walivyo wakali. Msomaji mmoja alikuwa amempa tabia, sababu, na aina ya ujasiri ambayo mimi sikuwa nimeifikiria, na vyote hivyo vilikuwa ndani ya sentensi yangu, vikiwa vimebebwa na neno ambalo nililiweka hapo kwa kukosea.

Nilimwandikia mwenyekiti wa idara barua kulieleza kosa na kuomba lirekodiwe. Jibu lilikuwa la adabu: matokeo yalikwisha kuidhinishwa, mhusika alikwisha kufaulu katika marudio na kuhitimu, na kanuni hazikuweka njia ya kubadili alama baada ya muda huo wote. Barua ikawekwa katika faili. Ada ya marudio niliirudisha kutoka mfukoni mwangu. Aliipokea bila ya mjadala, nami nilishukuru kwamba hakunifanyia hisani ya kuikataa. Mwaka aliochelewa ni kitu kingine. Alikuwa ameahidiwa kupandishwa cheo kazini kwa sharti la shahada ile, na nafasi hiyo ilichukuliwa na mwingine alipokuwa akijiandaa kufanya marudio. Hilo hakuniambia yeye. Nililisikia kwa mwenzake yule, nami sina njia ya kulilipa.

Karatasi yenyewe ya majibu haipo. Maandishi ya mtihani huhifadhiwa kwa muda fulani kisha hutupwa, na muda wa hayo ulikuwa umekwisha. Ninachonacho ni mwongozo wangu wa kusahihishia, wenye mwandiko wangu, ambao bado unasema "kali". Nimeufanya kuwa zoezi. Kila mwaka ninawapa wanafunzi wa uzamili kifungu kile na mwongozo ule pamoja, bila ya kuwaambia lolote, na ninawaomba wamsahihishe mtahini. Wengine hugundua katika wiki ya kwanza. Mwaka mmoja hakugundua mtu.

Ameniruhusu kuyaandika haya mradi nisimtaje jina wala kijiji. Nilimpelekea rasimu, akairudisha ikiwa na masahihisho mawili. La kwanza lilihusu kafi, ambalo nilikuwa nimeliita kasia. Alisema kasia hufungwa ubavuni mwa chombo, na mtoto hapewi kasia. La pili lilihusu tafsiri. Anasema kwamba siku hizi asingeandika "inayomemetuka". Kiishio kile, masikioni mwake, ni cha tukio la mara moja, kama kushtuka na kuzinduka, na maji ya usiku hayamemetuki mara moja. Yanametameta kwa kadiri kafi linavyokwenda. Mimi naona kinyume. Naona kwamba silabi za mwanzo zimekwisha kubeba kurudiarudia, na kiishio kinaleta ule ughafula wa kila mwako, hivyo memetuka lina vyote viwili na metameta lina kimoja tu. Tumeandikiana barua tatu juu ya jambo hilo, na katika ya mwisho ameniuliza ni kamusi gani niliyoifungua safari hii.